Bastola Mkobani mwa Mama

Mama yangu alitembea na bastola mkobani, nami nilijua. Nilijua tangu wiki ile vyombo vyetu vilipofika kwa meli kutoka Dar es Salaam, tukavipakua mbele ya nyumba tuliyopanga Nizwa, Oman, na yeye, kabla hata ya kutafuta sufuria, akaomba bisibisi na kulifungua sanduku la chini la cherehani yake. Alitoa kifurushi kilichozongwa kwa kipande cha khanga. Nikadhani ni dhahabu zake. Akakifungua mezani bila kunitazama.

"Ya baba yako," akasema. "Usinihutubie."

Ilikuwa bastola ndogo, ya aina ile yenye kijigurudumu cha kutilia risasi, mtutu mfupi kama kidole gumba, mpini wa mbao uliolainishwa na mkono. Niliikumbuka kwa kuigusa kuliko kwa kuiona. Kule Bujumbura baba aliivaa kiunoni, chini ya shati aliloliacha nje ya suruali, na nilipokuwa mdogo, nikimkumbatia upande wa kulia, shavu langu lilikuwa likigonga kitu kigumu. Nilidhani akina baba wote wana mfupa pale. Alikuwa na duka la vitambaa mjini na jingine milimani. Kibali cha serikali alikuwa nacho, na wafanyabiashara wenzake wengi walikuwa na bastola kama yake. Alipouawa njiani, akirudi kutoka duka la milimani, mimi nilikuwa nchi nyingine nikisoma. Nilipata habari kwa simu, nikaambiwa nisithubutu kurudi. Baada ya hapo ndipo tulipokuja Oman kwa jina la babu mzaa baba, aliyetoka huko, jimbo la Sharqiyah, akiwa kijana. Mimi nikapata kazi katika maabara ya hospitali, mama akakaa nami.

Tulizozana sana juu ya bastola ile. Nilimwambia hapa watu wanaacha gari likinguruma nje na kuingia dukani. Nilimwambia kukutwa na silaha isiyo na kibali ni jela, na mimi ndiye nitakayeulizwa kwanza. Alinijibu, "Sawa, baba," kwa sauti ile ile aliyomjibia daktari akimkataza chumvi. Kisha akaitia kwenye mkoba wake mweusi, pamoja na tasbihi na dawa za presha, akaenda nayo sokoni. Akaenda nayo kwenye matanga. Akaenda nayo hospitali kwangu, akaketi kwenye benchi la wagonjwa na kuupakata mkoba, na mimi niliyekuwa nikitazama damu za watu kwa darubini nikashindwa kuona kitu.

Siku moja ya Ijumaa tulikwenda mnada wa mbuzi pale Nizwa, na pembeni wakawa wamekaa wazee wanaouza bunduki za zamani. Wanunuzi walikuwa wakizinyanyua, wakifumba jicho moja, wakizipapasa na kubishana bei hadharani. Mama aliwatazama kwa muda.

"Unawaona?" akaniambia. "Wao wanazo mabegani, hakuna anayewauliza."

"Wao wana vibali, mama. Na hawazifichi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani aliukumbatia mkoba kwa mikono miwili.

Nilioa mjini Ibra. Baba mkwe wangu alikuwa mstaafu wa jeshi, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, asiyejua Kiswahili hata kidogo. Mama mkwe alizaliwa Unguja, akaletwa Ibra akiwa msichana. Uso wake alikuwa akiuvalia barakoa kama wanawake wengine wa huko, lakini akifungua mdomo, Kiswahili kilichotoka kilikuwa kile cha mjini cha zamani, kitamu, cha wazee. Mama alimpenda mara moja kwa ajili ya lugha hiyo. Walipotualika kwa Idi Kubwa ya kwanza baada ya harusi yetu, mama alishona nguo mpya. Nami, usiku wa kuamkia safari, nilimwomba jambo moja tu: mkoba abadilishe, achukue ule wa kahawia niliomnunulia.

Asubuhi aliingia garini na ule mweusi. Mke wangu alikuwa kiti cha mbele, hajui lolote, akizungumza habari za nyama ambayo kwao waliifukia kwenye shimo la makaa tangu jana. Nikawasha gari.

Tulipokewa vizuri mno. Kwa kuwa tulikuwa watu wa nyumba moja, tuliketi pamoja, wanaume upande huu wa sebule na wanawake upande ule, sinia la matunda katikati, halwa kwenye bakuli, na kahawa ikizunguka. Alikuwapo pia ndugu wa baba mkwe, mtu mkavu wa maneno. Ukutani zilitundikwa bunduki mbili na jambia la fedha. Mama aliondoka kwenda kutia udhu, akauacha mkoba pembeni mwa sinia.

Mama mkwe alitaka kuusogeza ili kahawa isije kuumwagikia. Akauinua kwa mkono mmoja, akashangaa.

"Lo! Mkweo huyu katia mawe humu?" akamwambia binti yake kwa Kiswahili, akicheka.

Mkoba ule ulikuwa mzee na kifungo chake kilikuwa kimelegea. Ukafunguka. Kwanza zilianguka dawa, ikafuata tasbihi, kisha bastola ikaanguka kwa mlio mzito, ikagonga ukingo wa bakuli la halwa na kulala juu ya zulia, mtutu ukielekea magoti ya yule ndugu wa baba mkwe.

Mama akarudi, maji yakimdondoka viwikoni, akaona. Akasimama mlangoni. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa akinitazama mimi, na nikajua kutokana na macho yake kwamba ameshaelewa kuwa nilijua.

Yule ndugu alisema kwa Kiarabu, polepole, kana kwamba anamsomea mtoto, "Mgeni hafichi silaha katika nyumba inayomlisha." Akaweka kikombe chini kikiwa bado na kahawa, akatafuta viatu vyake, akatoka.

Mama aliniuliza, "Kasema nini?"

Nilihisi uso ukiniwaka mpaka masikioni. Nilitamani kusema huyu mama simjui, tumekutana njiani. Mama mkwe ndiye aliyemjibu, kwa upole, "Kasema ana haja mahali, dada. Njoo ukae."

Baba mkwe aliinama, akaichukua bastola kwa vidole viwili, akakifungua kijigurudumu na kutoa risasi zote kiganjani. Zilikuwa tano, na shaba yake ilikuwa imeota kutu ya kijani. Akazitia mfuko wa kanzu yake ya dishdasha. Kisha akatabasamu, akamwelekea mama na kumwambia maneno marefu ambayo nilipaswa kuyafasiri.

"Anasema umekuja na silaha yako, karibu sana," nikamwambia mama. "Anasema wao zao wametundika ukutani, wewe yako umeitia mkobani, yote sawa. Anasema alasiri tutatoka sote wadini, kwenye bonde la mto mkavu, kupiga shabaha kama kawaida yao ya Idi, na yako nayo itapigwa."

Mama alinyanyua kichwa. "Mwambie ahsante," akasema. Hakula chochote baada ya hapo. Wala mimi sikula. Nyama ile ya shimoni iliyosifiwa njia nzima niliitafuna kama pamba.

Baada ya swala tulipanda gari la baba mkwe, sisi watano, tukatoka nje ya mji mpaka kwenye wadi kavu yenye kokoto nyeupe na migunga michache ng'ambo. Ndugu yake hakuja. Baba mkwe alisimamisha mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia juu ya jiwe, tukarudi nyuma mbali. Akaanza na bunduki yake ndefu. Alipiga magoti, akalenga, na mkebe ukaruka. Akausimamisha tena, akaupiga tena. Alifanya hivyo bila majivuno, kama mtu anayechota maji.

Ikaja zamu ya bastola, akazirudisha ndani zile risasi tano. Tulisogea karibu, karibu sana, pafupi kuliko urefu wa sebule yao. Baba mkwe aliigeuzageuza mkononi. Vidole vyake vilijaa kwenye mpini, kidole cha mwisho kikakosa mahali pa kushika.

"Ya kumpigia nani hii?" akauliza. "Paka?"

Alitwambia tukae nyuma yake kwa kuwa risasi ni kuukuu na haziaminiki. Akanyoosha mkono, akabana. Sikutarajia kishindo kile. Bunduki ndefu ilitoa mlio uliokwenda zake mbali, lakini kidude hiki kilipasua hewa pale pale masikioni petu, na ulimi wa moto ukaonekana mchana kweupe. Mkebe haukutikisika. Mchanga uliruka nyuma yake, upande wa kushoto kabisa. Baba mkwe akautazama mkono wake, akaufungua na kuufumba.

"Inapiga teke kama punda," akasema, akacheka. Akanipa mimi.

Mke wangu alikuwa amesimama na mama zetu wawili. Nilijua ananitazama, na nilitaka angalau jambo moja siku ile liniendee sawa. Niliinyoosha. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na kifyatulio kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilivuta, nikavuta, nyundo ikainuka polepole mbele ya jicho langu, na kadiri nilivyovuta ndivyo mtutu ulivyoanza kucheza kama unanusa upepo. Hakukuwa na cha kulengea ila kijinundu kidogo mbele. Ilipolia, nilikuwa nimeshafumba macho. Mkono ukaruka juu mpaka karibu na kofia yangu. Baba mkwe hakujua risasi imekwenda wapi, wala mimi. Katikati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa pamechubuka, panatoa damu. Nikasikia kicheko cha mke wangu, akakimeza haraka, na kule kukimeza kulinichoma zaidi kuliko kicheko chenyewe.

"Sasa mwenyewe," akasema baba mkwe, akimtazama mama.

Nilitaka kukataa kwa niaba yake. Lakini mama alikuwa ameshavua viatu, sijui kwa nini, akaja juu ya kokoto pekupeku. Akaipokea. Hakusimama pale tuliposimama sisi. Aliusogelea mkebe mpaka ukawa mbele yake kama mteja aliyesimama ng'ambo ya meza ya duka, akaishika bastola kwa mikono miwili chini ya kifua, akageuza uso pembeni.

Nyundo ikagonga. Kimya. Risasi haikuwaka.

Akavuta tena. Ikagonga, kimya.

Mama aliishusha. Nilidhani ataudhika, au atacheka kama mzee anayefanyiwa mzaha. Alikaa chini, pale pale kwenye kokoto, nguo yake mpya ikajaa vumbi.

"Ndizo hizo hizo," akasema. "Hazijabadilishwa. Ndizo zilizokuwamo siku ile."

"Siku gani, mama?"

Hapo ndipo aliposema, mbele ya watu ambao nilikuwa nikiona haya hata akisalimia kwa Kiarabu chake kilichovunjika. Alisema asubuhi ile baba alikuwa ameshaivaa, tayari kupanda gari kwenda milimani. Mjini kulikuwa kumechafuka, na yeye aliogopa kubaki peke yake dukani. Akamwambia, niachie. Baba akafungua mkanda, akaivua, akamwekea chini ya meza ya kupimia vitambaa. Hakubisha. Alimwambia tu afunge mapema.

"Nilimvua mimi," akasema. "Angekuwa nayo angerudi. Sasa nitaiachaje? Kila nikitoka nayo nasema leo simwachi mtu peke yake."

Nilisimama na ule mkono wangu unaotoka damu. Baba mkwe alinitazama, akisubiri. Sikuweza kufasiri. Nilikuwa na Kiarabu cha kutosha kueleza sukari ya damu na figo, lakini haya sikuwa na mdomo wa kuyasema. Nikaanza, "Anasema... anakumbuka mambo ya..."

"Mfasirie yote," akanikata mama mkwe kutoka nyuma ya barakoa yake. "Usimkatie maneno mama yako. Usipoyasema wewe nitayasema mimi."

Nikayasema. Nikimaliza sentensi moja, mama mkwe anaitikia kwa kichwa, naendelea na nyingine. Baba mkwe alisikiliza akiwa amechutama, mikono magotini, usawa mmoja na mama.

"Muulize, waliompiga walikuwa na nini?"

"Bunduki za kivita," mama akajibu. "Walikuwa kwenye migomba, ng'ambo ya bonde. Dereva ndiye aliyenihadithia. Yeye alijitupa mtaroni."

"Ng'ambo ya bonde." Baba mkwe aliyarudia maneno hayo. Kisha akasema, akinipa nafasi ya kufasiri kila kipande: "Mwambie mimi nimeingia jeshini sijaota ndevu. Leo nimekosa mkebe ulio karibu kuliko hilo gari. Mwanao kakosa jabali. Hii imetengenezwa kwa mtu unayesikia pumzi zake. Mtu akiwa ng'ambo ya bonde, hii ni sawa na kumrushia kokoto. Mume wako angeitoa, wangemwona anayo, wangewapiga wote wawili, na yule dereva asingerudi kukupa habari."

Mama alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa wanaume wageni.

"Mwambie aape."

"Wallahi," akasema baba mkwe kabla sijafasiri, kwa kuusoma uso wake.

Alisimama, akaichukua bastola kutoka mapajani mwa mama. Risasi ilikuwa imebaki moja. Akamwonyesha mama mgunga mmoja ng'ambo ya wadi, mti mpana uliosimama peke yake, akanyoosha mkono kwa utaratibu, akabana. Ililia. Tukautazama ule mti. Hata tawi halikutikisika, wala hatukuona vumbi popote. Sijui mpaka leo kama alilenga kweli. Mkewe alipomuuliza siku nyingine mbele yangu, alibadilisha mazungumzo.

Mama aliutazama mti ule mpaka mama mkwe alipomshika mkono na kumwinua, akamkung'uta vumbi, akamvisha viatu mwenyewe kama anavyovishwa mtoto. "Twende zetu, dada," akamwambia. "Kuna uji wa ngano nyumbani, na hujala kitu tangu asubuhi."

Kesho yake tuliipeleka polisi, baba mkwe, mama na mimi. Haya yangu haikuwa imekwisha, na pale kituoni ikaanza upya. Afisa alikuwa kijana wa umri wangu. Akauliza imeingiaje nchini. Nikalazimika kusema, kwa Kiarabu kilicho wazi, mbele ya mkwe wangu aliyevaa kilemba chake cha Idi, kwamba iliingia ndani ya cherehani. Afisa aliuma mdomo asicheke. Akauliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu mwanzo. Baba mkwe alitazama dirishani. Niliitwa tena baadaye mara mbili, nikaulizwa yale yale, na mwisho nikaambiwa kwamba kwa kuwa tumeileta kwa hiari yetu, mambo yatakomea hapo. Habari hizi hazikukaa Ibra. Wiki chache hazikupita kabla sijasikia wenzangu wa maabara wakiniita mtu wa bastola, wakidhani sisikii. Na yule ndugu wa baba mkwe, kwa miaka mingi tuliyokutana kwenye harusi na misiba, alinisalimia kwa ncha za vidole. Sikumlaumu. Alijua tu kilichoanguka zuliani. Ya wadini hakuyaona, na mimi sikuwahi kupata ujasiri wa kumhadithia.

Kwa mke wangu nilikuwa na deni la maelezo, na nilimpa yote usiku wa siku ile ya wadini, nikiwa nimeangalia ukuta. Akasema jambo moja tu: kwamba alikuwa ameketi na bastola garini kutoka Nizwa mpaka Ibra, akizungumza habari za nyama, na mimi nikimwitikia. Hakulirudia tena. Afadhali angelirudia.

Tuliondoka Ibra siku ya tatu. Mke wangu alibaki kwao mpaka mwisho wa sikukuu, kwa hiyo tulikuwa wawili garini, mama kiti cha mbele. Tangu tufike Oman hakuwa akimtaja baba isipokuwa kwenye dua. Nami sikuwa nikimuuliza, nikidhani namhurumia. Tulifika Bidbid, tukakunja kushoto kuelekea Nizwa, na mama, bila mimi kusema chochote, akaanza.

"Baba yako alikuwa akiogopa vyura," akasema.

"Vyura?"

"Vyura. Mvua zikinyesha Bujumbura walikuwa wakiingia dukani. Mwanamume mzima anapanda juu ya meza ya vitambaa, ananiita mimi nije na ufagio, na wateja wanamwona."

Alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Kisha akanihadithia jinsi baba alivyokuwa akiwapimia vikongwe kitambaa kwa kuzidisha, na jinsi alivyoimba vibaya, na jinsi alivyonibeba kwenda kunionyesha ziwa nikiwa na siku arobaini. Mambo hayo yote nilikuwa siyajui, na nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Mbele yetu kulikuwa na lori la majani ya mbuzi likijikokota mlimani. Nilikuwa na nafasi ya kulipita, lakini nilibaki nyuma yake.